Kwaya Niliyoipanga Vibaya

Mwanangu Danieli,

Umetoka kwenda kuwaaga majirani, na baba yako yuko uani analifunga sanduku lako kamba upya kwa sababu fundo la mwanzo hakulipenda. Mimi nimekimbilia darasani. Watoto wameshakwenda kwao, jua la jioni bado linaingia dirishani, nami nimejibana kwenye dawati la darasa la pili ambalo magoti yangu yamegoma kuingia. Nakuandikia kwa sababu nikisema kwa mdomo utaniambia, "Mama, umeshaanza," nitacheka, na maneno yote yatanitoka kichwani.

Habari za soksi, dawa za malaria, na kutomkabidhi mtu usiyemjua mzigo wako pale stendi ya Korogwe, baba yako amekwisha kukuhubiria tangu Jumapili. Sina la kuongeza. Kula, kuvaa na kusali utajua mwenyewe.

Nilitaka kuanza kwa kukwambia nina furaha, lakini furaha yenyewe bado iko njiani. Kilichokwisha kufika ni nafuu. Tangu juzi jioni kifua changu kimefunguka. Nimekula ugali nikasikia ladha yake. Baba yako anadai nilikoroma mpaka kuku wakahama banda, na sikubishana naye, jambo ambalo lilimshangaza kuliko kukoroma kwenyewe.

Mzigo nilioutua unaujua nusu. Unajua kwamba chuo cha muziki huko Ulaya kilikukubali, na nauli wakatoa wao. Unajua kwamba pasipoti yako iko Dar es Salaam, lakini hupewi mkononi mpaka upeleke barua ya serikali ya kijiji, na kwamba chuo kilisema wazi ukichelewa kufika siku ya kufungua, nafasi yako anapewa mwingine. Unajua pia jinsi barua ile ilivyokawia kwa mwenyekiti wetu, Mzee Mhina. Ulikwenda ukaambiwa yuko shamba. Ukaenda tena ukaambiwa yuko Handeni mkutanoni. Wiki zikapita, wewe ukawa unasema ni uzembe wa ofisi, nami nikawa nanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliamini kosa ni langu. Ndiyo maana nilikuwa mkali kiasi kile, nikakufokea siku nzima kwa ajili ya sufuria ambayo hata haikuungua. Sasa nikueleze hiyo nusu ya pili, maana nawe unakwenda kujifunza kusimama mbele ya watu, na sitaki ujifunze kwa njia niliyopita mimi.

Unajua nilizaliwa Bungu, kule milimani kwenye baridi, na muziki niliujua kabla sijajua viatu. Shuleni tulifundishwa na bibi mmoja wa Kizungu, mrefu na mkimya, tukimwita Bibi Ngongoti akiwa hasikii. Hakuwa na kinanda. Alikuwa na kile chuma kidogo chenye meno mawili. Anakigonga gotini, anakiweka sikioni, kisha anatutolea do. Kutoka kwenye do ile tulijenga nyimbo za sauti nne, wasichana sisi na wavulana wa shule ya jirani waliokuja Jumamosi wakiwa wameoga mpaka wanang'aa. Ulipotuandikia kutoka chuo cha ualimu kwamba unakwenda kusomea kuongoza kwaya na kuimba muziki wa kale wa Ulaya, ule wa kabla ya piano, nilimuuliza baba yako muziki wa kale ndio upi. Akaisoma barua yako vizuri, akavua miwani, akaniambia, "Ni huo unaoimba ukipepeta mchele." Nilicheka nikakaa chini. Miaka yote nilidhani Bibi Ngongoti alituletea nyimbo za mwaka ule.

Siku aliyonisimamisha mbele ya wenzangu niongoze, nilirusha mikono kama mtu anayefukuza nyani shambani. Akaja taratibu akanishika kiwiko. "Mkono mdogo, Eliwaza," akaniambia. "Wao hawako mbali." Mkono ulielewa siku ile ile. Kichwa kilichukua miaka.

Uhuru ulinikuta Korogwe, mwalimu mpya, mke mpya, na wewe uko mgongoni. Kwaya yetu ikaitwa kuimba uwanjani. Nilikuwa na furaha iliyopita kiasi, mwanangu, furaha ya kutetemeka, nikatoa do ya juu mno. Sauti ya kwanza walipofika kwenye kilele cha wimbo hawakuimba, walipiga yowe. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Amefiwa nani?" Uwanja ukacheka, wewe ukaamka ukaanza kulia, nami nikaongoza mpaka mwisho huku nakubembeleza kwa kutikisa mgongo. Baadaye watu wakanifuata kunisifu, wakisema kwaya ile ilikuwa na mwendo mzuri ajabu. Mwendo ule ulikuwa wako. Tangu siku ile, kabla ya kutoa do najiuliza kama ni ya kwao au ni ya kwangu tu, na nakuombea nawe uwe unajiuliza, hasa siku za furaha.

Sifa zile zilinipanda kichwani. Nikaanza kuitwa huku na huko, leo Mombo, kesho Mashewa, kesho kutwa kwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge, ambao huwezi kuamini sauti ya nne waliyokuwa nayo. Nilikuwa nafika asubuhi simjui mtu, na jioni watu wale wanaimba sauti nne. Nikajiona fundi. Nikawa na msemo wangu, kwamba nipe watu wowote wenye makoo, nitakupa kwaya. Baba yako alikuwa akiniangalia kwa jicho la pembeni kila nikiusema.

Kisha tukahamishiwa huku Handeni, wewe ukiwa karibu kuanza shule. Kijiji cha Ujamaa kilikuwa ndiyo kwanza kinasimama. Watu walikuwa wameletwa kutoka vitongoji mbalimbali, wengi wao Wazigua Waislamu, wachache sisi tulioshuka milimani, na viongozi wakataka kijiji kiwe na kwaya kabla mgeni wa mkoa hajaja kukikagua. Wakaniambia mimi. Nilichukua wimbo mmoja wa Bibi Ngongoti, nikauvua maneno ya kanisani, nikautungia maneno mengine ili kila mtu aweze kuimba bila dhamiri kumsumbua:

*Mvua ya vuli, usitupite,*
*shamba ni letu sote, tuone.*

Si ushairi wa kutisha, najua, usicheke. Lakini watu waliupenda. Walikuja baada ya shamba, majembe wakayaegemeza ukutani mwa ghala, nikawapima sauti mmoja mmoja. Na hapo nikapata dhahabu mbili. Ya kwanza ilikuwa Bi Mwanahawa, mama wa makamo, sauti ya pili nzito na tamu, inayokaa pale inapowekwa. Ya pili ilikuwa Mhina, wakati huo bado kijana mkulima asiye na cheo, sauti ya tatu iliyonyooka. Nikafanya nilivyofundishwa Bungu, kwamba walio imara wakae katikati ili wengine waegemee. Sauti ya pili nikaiweka kushoto, sauti ya tatu kulia, na katikati kabisa, bega kwa bega, nikamweka Bi Mwanahawa na Mhina.

Sauti zikafa, Danieli. Watu wale wale niliowasikia kwa masikio yangu mwenyewe, mmoja mmoja, wakawa hawatoi kitu. Mhina anaangalia mabati. Bi Mwanahawa anaangalia vidole vyake vya miguu. Na kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiegemewa, sauti ya pili yote ikayumba, na sauti ya tatu ikafuata. Nikarudia, nikabembeleza, nikatoa do ya chini, nikatoa ya juu. Jioni moja, mgeni wa mkoa akiwa amekaribia, uvumilivu ukanishinda. Nikamwendea Mhina, nikamshika mabega, nikamgeuza akatazamana uso kwa uso na yule mama, nikasema watu wote wakisikia, "Mwimbie huyu! Anakuuma?"

Bi Mwanahawa alijifunika kanga mpaka machoni akatoka. Mhina alibaki amesimama, anatazama mlango. Ghala lile lilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo mama yule ndiyo kwanza ameupita. Basi Mhina akapanda dirishani, mwanaume mzima, akatoka kwa dirisha. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo kubwa, ingawa sikujua ni jambo gani.

Baba yako ndiye aliyeambiwa dukani. Bi Mwanahawa alikuwa amemzaa mke wa Mhina. Nilikuwa nimemsimamisha mtu bega kwa bega na mkwe wake, nikamtaka amwimbie usoni. Na mimi si mgeni wa desturi hiyo! Kwetu Bungu mama yangu alikuwa akizunguka nyuma ya migomba ili asikutane na mume wa dada yangu, na shemeji naye akikohoa mbali ili mkwe ajue anapita. Ningeuliza neno moja tu, nani ni nani kwa nani, lisingetokea. Niliuliza sauti zao. Undugu wao sikuuliza, kwa sababu mimi nilikuwa fundi.

Ningeweza kwenda kwao asubuhi ile ile. Badala yake, mazoezi yaliyofuata, niliona aibu, na aibu yangu ukiijua huwa inatoka ikiwa imevaa hasira. Nilisimama mbele ya waliobaki nikatangaza, "Kwenye kwaya hakuna mkwe, kuna sauti." Neno hilo lilizunguka kijiji chote kabla ya magharibi. Wanawake wa ukoo wa Bi Mwanahawa hawakurudi. Kisha wanaume wakapungua. Mgeni wa mkoa alipokuja alipokewa kwa ngoma, ngoma nzuri kweli, nami nikapiga makofi huku nimenuna. Nikajirudisha kwa watoto wa shule na kwaya ya kanisani. Kila mara nikijiambia nitakwenda kuwaomba radhi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo ikaota mvi.

Mhina hakuwahi kunikosea heshima. Tukikutana njiani atanisalimu, atauliza habari za watoto, atapita. Mimi ndiye niliyekuwa nikisikia ubaridi katika kila "habari za leo". Alipochaguliwa mwenyekiti nilipiga kura ya ndiyo, nikarudi nyumbani bila kungoja kumpa mkono wa pongezi. Sasa unaelewa jinsi nilivyokuwa wiki hizi. Kila uliporudi mikono mitupu nilijua, nilidhani najua, kwamba mtu yule amekalia barua yako kwa ajili ya siku ile. Baba yako akaniambia, "Nenda kwa mtu, mama Danieli." Nikamjibu ofisi ni ofisi. Na nikwambie ukweli ambao hata yeye sijamwambia: kulikuwa na siku nilipokuwa radhi wewe ukose hiyo safari kuliko mimi kwenda kusimama mbele ya Mhina. Zilikuwa siku chache, lakini zilikuwapo. Nikizikumbuka naogopa, maana nilikuwa najiita mama wakati wote huo.

Juzi, baada ya watu kutoka kuswali alasiri, nilivaa gauni la Jumapili nikaenda.

Nyumba zetu unavyojua zilipimwa kwa kamba na mabwana wa wilayani, mstari kwa mstari. Hawakuuliza nani ni nani, hapo tuko sawa mimi na wao, na Mhina akajikuta kiwanja chake kimepakana na cha mkwe wake. Kabla hata hajaezeka nyumba alisimamisha ua wa mabua katikati, na kila baada ya mavuno huung'oa na kuusimamisha upya. Nimepita pale miaka yote. Sikuwahi kupita saa ile.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anachonga mpini wa jembe na kuimba sauti ya tatu ya wimbo wangu wa mvua. Nikasema moyoni, maskini, anaikumbuka. Halafu kutoka ng'ambo ya mabua ikaja sauti ya pili, nzito, imezeeka kidogo, inakaa pale inapowekwa. Nilisimama njiani nimejishika mdomo. Walikuwa wameushusha wimbo, umekuwa wa polepole, na mwisho wa mstari wa kwanza Bi Mwanahawa alikuwa ameweka mkunjo kidogo kabla ya kutua, namna bibi wa Kizigua anavyomlaza mtoto. Kitabuni mkunjo huo haupo. Nimekuwa mwalimu wa kwaya karibu maisha yangu yote, na sikuthubutu kuuita kosa.

Hapo zamani kijana mmoja wa Chama aliwahi kuniuliza kama nyimbo hizi si kasumba ya wakoloni. Nilimjibu kwa kiburi, nikamtajia do na re ambazo hakuzijua, akanywea. Huko uendako nao watakuuliza, kwa namna yao ya adabu, mtu wa Handeni anatafuta nini kwenye nyimbo za babu zao. Usijibu kama mimi. Waimbie mkunjo wa Bi Mwanahawa, na kama wana masikio mtaongea vizuri.

"Hodi hapa," nikasema.

"Karibu, Mwalimu. Za siku?"

"Nzuri. Naona mnaimba."

"Aa, tunajipumbaza tu." Akapangusa vumbi la mti mapajani. "Mama akichambua mboga huanza yeye. Nikinyamaza ataona nimemdharau."

"Lakini ni mkwe wako."

"Ndiyo maana. Kumtazama siwezi. Kumwitikia, hiyo si heshima?"

"Tangu lini, Mzee Mhina?"

"Tangu huu ua uliposimama." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alianza lini kulima mihogo.

Nikasema nilichokuja nacho. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya barua ya mtoto. Akanishangaa. "Barua ya Danieli? Mbona niliitia sahihi siku ile ile aliyoileta! Wino wa mhuri ndio uliokauka, Mwalimu. Katibu akaenda Handeni akakosa, akaenda Korogwe, kila siku anasema kesho. Karudi nao mchana huu. Nilitaka nimalize mpini huu kwanza, halafu niilete mwenyewe." Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Mhuri ulikuwa mbichi, nikaugusa ukanipaka kidole.

Wino! Mwanangu, nilikaa kwenye gogo lake bila kukaribishwa. Wiki zile zote nilikuwa nimeumwa na kinyongo ambacho mwenyewe hakuwa nacho. Nikaanza kucheka, na katikati ya kucheka nikaona ninalia, na Mhina akawa anageuza mpini wake huku na huku, hajui atazame wapi.

"Nilidhani umeizuia," nikamwambia. "Kwa sababu ya siku ile niliyokugeuza."

Akaacha kuchonga. Akauweka mpini chini.

"Ulinikosea, Mwalimu," akasema. "Sikatai. Ulinivua nguo mbele za watu. Muda mrefu nikikuona unakuja, nilikuwa napita njia ya kisimani. Lakini mtoto nimzuie ya nini? Yeye ndiye aliyenigeuza?"

"Hakukugeuza."

"Basi aende akasome."

"Nisamehe, Mzee Mhina."

"Mimi yamekwisha. Ila huyo wa upande wa pili ndiye hujamwendea." Akaonyesha ua kwa kidevu, bila kugeuka.

Nikazunguka. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa mkekani, ungo wa mchicha mapajani, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Nikapiga magoti, nikampa shikamoo.

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mwalimu wa kwaya, mama."

"Aaa! Wewe mwanangu. Siku ile una haraka, leo umechelewa."

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, na kwamba sina maelezo. Akaendelea kuchambua. "Mimi nilikusamehe zamani," akasema. "Tatizo hukuja kuuchukua." Kisha akanisogezea fungu la mchicha. "Kaa, uchambue. Na uimbe ile ya juu, huwa haipo."

Do aliitoa yeye. Ilikuwa chini sana kwa sauti yangu, nikashuka nikaifuata. Mhina akaingia kutoka ng'ambo ya mabua. Hakukuwa na wa kuongoza, hakuna aliyemwona mwenzake mdomo, mikono yetu yote ilikuwa na kazi nyingine, na Danieli, tuliingia pamoja na tukatua pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu Bibi Ngongoti anishike kiwiko, nilikuwa ndani ya kwaya badala ya mbele yake. Nilisikia nilichokuwa nikikosa. Nisingependa ungoje mpaka umri wangu ili ukisikie. Hata ukishakuwa bwana mkubwa mwenye kijiti, mara moja moja kaa katikati ya waimbaji, mtu mwingine aongoze, hata kama anaongoza vibaya.

Unakumbuka katika wimbo ule, kabla ya mstari wa mwisho, kuna mahali ambapo sauti tatu zinanyamaza na sauti ya nne inashuka peke yake. Tulipofika pale, tukanyamaza. Mchicha ukanyamaza mikononi. Nikadhani tutaruka tuendelee, lakini Bi Mwanahawa aliinua kidole.

"Hapa kila siku tunapita tu," akasema. "Hapa ni pa nani?"

"Ni pa sauti ya nne, mama. Nyumbani kwetu ni pa Danieli."

"Aliye na safari?"

"Ndiye. Bado siku tatu aondoke."

Akafikiri kidogo, vidole vikitafuta jani bovu. "Atarudi?"

"Mungu akipenda."

"Basi pasirukwe." Akapaza sauti kidogo kuelekea kwenye mabua, akitazama chini kwa adabu. "Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama," Mhina akajibu.

Tukaurudia wimbo wote tangu mwanzo. Tulipofika pale tukanyamaza, mimi na yeye upande huu, mkwe wake upande ule, tukakungoja urefu wote wa sauti yako mpaka noti ya mwisho, halafu tukaingia pamoja.

Nenda, baba. Mimi sina deni na mtu kijijini hapa, na usiku wa leo nitakoroma tena.

Mama yako,
Eliwaza